Majirani Wawili Wakubwa: Asili ya Ugomvi wa Uhindi na Uchina

Watu wawili wakigombania mpaka wa shamba, wazee wa kijiji huuliza kwanza neno moja: Nani aliyepanda miti ya mpaka, na siku ile jirani alikuwapo? Kama jirani alikuwapo, akaona, akakubali, shauri ni fupi. Lakini ikiwa miti ilipandwa na mmoja peke yake, au na mgeni aliyekwisha kwenda zake, shauri hilo litarithiwa na wajukuu.

Wasomaji wapenzi, shauri la namna hiyo lipo kati ya nchi mbili zinazopita nyingine zote duniani kwa wingi wa watu, ndizo Uhindi na Uchina. Kila moja ina watu zaidi ya milioni 1,400. Ukiwajumlisha utapata zaidi ya theluthi moja ya wanadamu wote. Tena zote mbili zina silaha za atomiki. Basi nchi hizo zikikasirikiana, hakuna mtu awezaye kusema kwamba neno hilo halimhusu.

Mataifa hayo si mageni kwetu sisi watu wa Kongo. Askari wa Uhindi walifika Katanga mwaka 1961 pamoja na jeshi la Umoja wa Mataifa, na katika miaka yetu hii wengine wamekaa Goma muda mrefu. Wachina nao wanajulikana sana huko Kolwezi, kwenye machimbo ya shaba na kobalti. Na tangu mwaka 2003 askari wao mafundi na waganga walitumika Bukavu miaka mingi chini ya bendera ile ile ya Umoja wa Mataifa. Katika nchi yetu, basi, watu wa mataifa hayo mawili walivaa kofia moja ya buluu. Lakini kwao, milimani, hawapatani hata juu ya urefu wa mpaka wao. Wahindi husema ni kilometa 3,488. Wachina husema ni kilometa 2,000 hivi. Je, majirani wasiokubaliana urefu wa ua watakubalianaje mahali pa kuupanda?

NCHI YENYEWE INAYOGOMBANIWA

Kati ya Uhindi na Uchina umesimama ukuta wa milima ya Himalaya, mirefu kuliko milima yote ya dunia. Nchi ndogo za Nepal na Bhutan zimekaa katikati ya ukuta huo na kuukata mpaka vipande vipande. Katika vipande hivyo, viwili ndivyo vyenye ugomvi mkubwa.

Cha kwanza kiko magharibi, nacho huitwa Aksai Chin. Ni uwanda mkavu wa kilometa za mraba 38,000 hivi, ulioinuka karibu meta 5,000 juu ya bahari. Fikirini kilele cha Ruwenzori, chenye meta 5,109, kisha fikirini nchi tambarare iliyo karibu na urefu huo, yenye upepo, chumvi na baridi kali, pasipo miti wala mashamba. Uchina inaitawala nchi hiyo. Uhindi inasema ni sehemu ya Ladakh, nchi yake.

Cha pili kiko mashariki, nacho ni jimbo la Arunachal Pradesh. Uchina inadai huko kilometa za mraba 90,000 hivi, yaani eneo kubwa kupita Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Huko kuna misitu, mito na watu zaidi ya milioni moja wa makabila mengi. Uhindi inalitawala jimbo hilo. Uchina inaliita Tibet ya Kusini. Tena katika jimbo hilo umo mji wa Tawang, wenye monasteri kubwa ya Wabudha iliyojengwa katika karne ya 17, nako ndiko alikozaliwa Dalai Lama wa sita. Kwa ajili hiyo Wachina hushika sana neno la Tawang: wanasema, Tawang ni ya Tibet, na Tibet ni yetu.

MISTARI ILIYOCHORWA NA WENGINE

Zamani hapakuwa na mstari huko. Wachungaji walipandisha mbuzi na kondoo wakati wa joto, wakawashusha wakati wa baridi. Wachuuzi walipita katika vipenyo vya milima na chumvi, sufi na nafaka. Mamlaka ya mfalme wa upande huu ilififia polepole, na ya yule wa pili ikaanza polepole, bila mtu kuweza kusema: hapa hasa ndipo mwisho.

Waingereza, waliotawala Uhindi, ndio walioanza kutafuta mstari, kwa kuwa walimwogopa Mrusi aliyekuwa akishuka kutoka kaskazini. Mwaka 1865 mpima nchi wao mmoja, W. H. Johnson, alichora ramani iliyotia Aksai Chin ndani ya Kashmir. Lakini mwaka 1899 Waingereza hao hao waliiletea serikali ya Uchina mstari mwingine, ulioacha sehemu kubwa ya Aksai Chin upande wa Uchina. Serikali ya Uchina haikujibu kitu. Ndiyo sababu Waingereza, walipoondoka mwaka 1947, waliacha ramani zaidi ya moja, wala hawakuacha neno moja lililokwisha katwa.

Upande wa mashariki mambo yalikwenda namna nyingine. Mwaka 1911 utawala wa wafalme wa Uchina ulianza kuanguka, na Watibet wakajitangazia uhuru wao. Waingereza wakawaita wajumbe wa Uchina na wa Tibet huko Simla, wakakaa katika baraza tangu mwaka 1913 hata 1914. Mkuu wa wajumbe wa Uingereza alikuwa Henry McMahon. Mwezi wa Machi 1914, yeye na mjumbe wa Tibet walipatana juu ya mstari upitao katika vilele vya milima, nao hata leo unaitwa Mstari wa McMahon. Mjumbe wa Uchina hakushirikishwa katika mapatano hayo ya watu wawili, na serikali yake ilikataa kutia sahihi mkataba mkubwa wa Simla. Ilisema kwamba Tibet si dola, wala haina mamlaka ya kufanya mikataba na mataifa.

Hapo ndipo penye mzizi wa maneno yote. Uhindi ilipopata uhuru ilisema: Sisi ni warithi wa Waingereza, mipaka waliyotuachia ndiyo mipaka yetu. Uchina ikasema: Mipaka hiyo ilichorwa na wakoloni siku tulipokuwa dhaifu, hatuwezi kufungwa na kalamu yao. Sisi Waafrika tunaweza kuyaelewa maneno ya pande zote mbili, maana mipaka yetu pia ilichorwa na wageni. Wakuu wa Afrika waliokutana Cairo mwezi wa Julai 1964 waliahidi kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, wakiogopa kwamba mwenye kung'oa jiwe moja la mpaka atayang'oa yote. Huko Asia, mmoja alikubali urithi, na mwingine akaukataa.

UNDUGU WA MIDOMO

Tusidhani kwamba mataifa hayo yalianza kwa uadui. Uhindi ilipata uhuru mwaka 1947, na serikali mpya ya Uchina ilisimama mwaka 1949 chini ya Mao Zedong. Uhindi ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuikubali serikali hiyo. Mwaka 1950 majeshi ya Uchina yaliingia Tibet, na mapema mwaka 1951 Uhindi nayo ikapeleka watu wake kuitawala Tawang. Hivyo majirani ambao zamani walitengwa na Tibet sasa waligusana bega kwa bega.

Tarehe 29 Aprili 1954 walitia sahihi mkataba juu ya biashara ya Tibet. Mwanzoni mwa mkataba huo waliandika kanuni tano nzuri: kuheshimiana nchi na mamlaka, kutoshambuliana, kutoingiliana katika mambo ya nyumbani, kuwa sawa na kufaidiana, na kuishi pamoja kwa amani. Siku hizo katika barabara za Delhi watu walipiga kelele za furaha: *Hindi-Chini bhai-bhai*, maana yake Wahindi na Wachina ni ndugu.

Lakini angalieni neno moja. Mkataba huo ulitaja vipenyo sita vya milima ambamo wachuuzi na mahujaji wangepita. Juu ya mpaka wenyewe ulinyamaza kimya. Waziri Mkuu Nehru alidhani kwamba kunyamaza kwa Wachina ni kukubali. Mwezi wa Julai mwaka ule ule aliagiza ramani mpya zichapishwe, zenye mpaka uliokatwa wazi, Aksai Chin ikiwa ndani ya Uhindi. Waziri Mkuu wa Uchina, Zhou Enlai, naye alinyamaza, kwa sababu alidhani wakati wa kulisema neno hilo haujafika. Kila mmoja alitabasamu, na kila mmoja alishika ramani yake nyuma ya mgongo. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

BARABARA YA JANGWANI

Wakati huo Wachina walikuwa wakitengeneza barabara ya kuunganisha jimbo lao la Xinjiang na Tibet. Njia iliyo nyepesi ilipita katikati ya Aksai Chin. Mwaka 1957 walitangaza kwamba barabara imekwisha. Wahindi walishtuka. Mwaka 1958 walipeleka askari wa doria waende kuona, na baadhi yao wakakamatwa na Wachina. Basi yatupasa kuelewa: kipande cha ardhi ambacho Uhindi haikuwa na mtu hata mmoja wa kukikalia, kwa Uchina kilikuwa mshipa wa kupitishia askari na chakula hadi Tibet.

Nehru mwenyewe aliliambia bunge kwamba katika nchi ile hauoti hata unyasi mmoja. Inasimuliwa kwamba mbunge mmoja mwenye upara alisimama, akaonyesha kichwa chake, akauliza: Hapa napo hapaoti kitu, je, nikikate nimpe mtu mwingine? Wabunge walicheka, lakini tangu siku hizo hapakuwa na waziri wa Uhindi aliyeweza kuachilia hata shubiri moja ya nchi bila kuitwa msaliti.

Mwezi wa Januari 1959 Zhou Enlai alimwandikia Nehru kwamba mpaka wa nchi zao haujapata kamwe kukatwa rasmi. Miezi miwili baadaye Watibet waliinuka juu ya Wachina mjini Lhasa, wakashindwa. Dalai Lama, kiongozi wao, alikimbia kwa miguu na kwa farasi katika milima, akaingia Uhindi tarehe 31 Machi 1959, akapokelewa. Uchina iliona kwamba jirani amemfungulia mlango adui wa nyumba. Uhindi iliona kwamba imempa hifadhi mgeni aliyekimbia mauti. Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti na wa Oktoba, askari wa pande mbili walipigana risasi mpakani, watu wakafa.

Nafasi moja ilipatikana. Mwezi wa Aprili 1960 Zhou Enlai alikuja Delhi. Alidokeza kwamba kila mmoja aweza kubaki na kile anachokishika: Uhindi mashariki, Uchina magharibi. Tena mwaka huo huo Uchina ilipatana na Burma juu ya mpaka wao, na kwa sehemu kubwa ikaukubali mstari ule ule wa McMahon upande wa Burma. Kumbe mstari wenyewe haukuwa sumu. Lakini Nehru alikuwa amekwisha liahidi bunge kwamba mpaka unajulikana wala hauna shauri la kufanywa, angebadilije neno? Zhou alirudi kwao mikono mitupu.

VITA VYA MWEZI MMOJA

Mwaka 1961 Uhindi ilianza kupeleka vituo vidogo vya askari mbele, katika sehemu zilizogombaniwa, ikitumaini kwamba Wachina hawatathubutu kupiga. Vituo hivyo vilikuwa mbali na barabara; askari wengine walikuwa na nguo nyepesi na chakula kilichodondoshwa na ndege. Tarehe 20 Oktoba 1962, wakati dunia nzima ilipokuwa ikitazama Cuba kwa hofu, majeshi ya Uchina yalishambulia pande zote mbili, magharibi na mashariki. Uhindi ilishindwa vibaya. Askari wake zaidi ya 1,300 waliuawa, wengine wengi hawakuonekana tena, na karibu 4,000 walitekwa.

Tarehe 21 Novemba Uchina ilitangaza yenyewe kwamba imesimamisha vita. Upande wa mashariki ilirudi nyuma ya Mstari wa McMahon, ikaiacha Tawang. Upande wa magharibi ilibaki na Aksai Chin na barabara yake. Nehru alikufa mwezi wa Mei 1964. Katika kila nyumba ya Kihindi yenye redio, watu waliona kwamba ndugu amewachoma kisu mgongoni. Huko Uchina vijana walifundishwa kwamba vita vile vilikuwa vya kujitetea. Hata leo watoto wa nchi hizo mbili husoma habari moja katika vitabu viwili visivyolingana.

SHERIA YA KUNYAMAZISHA BUNDUKI

Mwaka 1967 walipigana tena kwa mizinga kwenye kipenyo cha Nathu La, na mwaka 1975 askari wanne wa Kihindi waliuawa kwa risasi huko mashariki. Baada ya hapo bunduki zilinyamaza miaka mingi. Mwaka 1976 mabalozi walirudishwa, na mwezi wa Desemba 1988 Waziri Mkuu Rajiv Gandhi alikwenda Beijing. Wakuu walipatana hivi: shauri la mpaka liendelee kujadiliwa polepole, na biashara isingoje.

Kutoka hapo vilizaliwa mikataba miwili ya maana. Mkataba wa 1993 uliagiza kila upande kuheshimu mstari wa mahali askari wake wanaposhika sasa. Mkataba wa 1996 ulikataza kufyatua risasi au kulipua baruti katika kilometa mbili kutoka mstari huo. Mikataba hiyo iliokoa roho nyingi, nasi tuisifu inavyostahili. Lakini ilikuwa na kasoro moja: mstari wenyewe haukuonyeshwa katika ramani. Mwaka 2000 walibadilishana ramani za sehemu ya katikati tu, ile isiyo na ugomvi mwingi. Zile za magharibi na mashariki hazikubadilishwa. Hivyo kila doria hutembea hadi mwisho wa nchi yake kama inavyouona, na huko hukutana na doria nyingine inayosema: Mmeingia kwetu.

USIKU WA GALWAN

Mwaka 2017 askari walikabiliana siku 73 kwenye uwanda wa Doklam, ambao Bhutan na Uchina zinaugombania. Wachina walianza kutengeneza barabara huko, na Wahindi wakaja kuwazuia, kwa kuwa mahali hapo panatazama ukanda mwembamba wa Siliguri, wenye upana wa kilometa 22 hivi, unaounganisha Uhindi na majimbo yake ya mashariki. Safari hiyo hakufa mtu.

Mwaka 2020 haukuwa hivyo. Mwaka uliotangulia Uhindi ilikuwa imemaliza barabara yake ya kijeshi katika Ladakh, tena ilikuwa imeifanya Ladakh kuwa jimbo linalotawaliwa moja kwa moja kutoka Delhi, Uchina ikalalamika. Wakati wa joto majeshi ya Uchina yalisogea mbele mahali pengi. Tarehe 15 Juni, usiku, katika bonde la mto Galwan, askari wa pande mbili walipigana saa nyingi gizani, kwa mawe, kwa ngumi, kwa rungu zilizopigiliwa misumari. Bunduki hazikutumika, kwa ajili ya sheria ile ya zamani. Wengine walianguka katika maji ya barafu. Wahindi 20 walikufa, pamoja na kamanda wao mwenye cheo cha kanali. Uchina ilikawia hadi mwezi wa Februari 2021 ndipo ikatangaza majina ya wafu wake wanne.

Fikirini jambo hili. Nchi zenye roketi zinazofika mwezini ziliwapeleka vijana wao kupigana kwa mawe juu ya ukingo wa mto ambao hata jina lake hawakulijua watu wengi wa nchi hizo.

MAMBO MENGINE YANAYOCHOCHEA MOTO

Mpaka ni jeraha, lakini yako mengine yanayolitia chumvi.

La kwanza ni Tibet. Dalai Lama wa kumi na nne, aliyezaliwa mwaka 1935, bado anakaa Dharamshala katika nchi ya Uhindi. Mwezi wa Julai 2025 alisema kwamba cheo chake kitaendelea baada yake, na kwamba watu wa ofisi yake ndio watakaomtambua mrithi. Serikali ya Uchina inasema neno hilo ni lake kulikubali au kulikataa.

La pili ni Pakistan. Uchina ni rafiki wa Pakistan, adui wa tangu zamani wa Uhindi, na silaha nyingi za Pakistan hutoka Uchina. Tena barabara kubwa ya biashara kati ya hao wawili hupita katika sehemu ya Kashmir ambayo Uhindi inadai ni yake.

La tatu ni maji. Mto Brahmaputra huanzia Tibet, ambako huitwa Yarlung Tsangpo, kisha huingia Arunachal na Assam. Mwezi wa Julai 2025 Uchina ilianza kujenga huko juu bwawa la umeme litakalokuwa kubwa kuliko yote duniani. Wakulima walio chini wanajiuliza: mwenye kushika ufunguo wa mto atatufungia wakati wa ukame, au atatufungulia wakati wa gharika? Hakuna mkataba wa kugawana maji kati ya nchi hizo mbili.

La nne ni biashara. Katika mwaka wa hesabu wa 2024–2025 Uhindi ilinunua kutoka Uchina bidhaa za thamani ya dola milioni 113,000 hivi, ikaiuzia za dola milioni 14,000 tu. Baada ya Galwan Uhindi ilikataza programu 59 za Kichina katika simu, TikTok ikiwamo. Lakini simu zenyewe, mashine na dawa ghafi ziliendelea kuja, kwa maana viwanda vya Uhindi havikuweza kufanya kazi bila hizo.

Hata majina huleta ugomvi. Mara kadhaa tangu mwaka 2017 Uchina imetangaza majina ya Kichina kwa milima, mito na miji ya Arunachal. Na mwaka 2023 wanamichezo watatu wasichana wa jimbo hilo walipewa viza zilizobandikwa kwa pini badala ya kupigwa muhuri katika pasi, kana kwamba nchi yao haijulikani. Uhindi ikaizuia timu yote isisafiri. Wasichana hao walikuwa wamejizoeza miaka mingi. Waliachwa nyumbani kwa ajili ya pini.

MAMBO YALIVYO SASA

Tarehe 21 Oktoba 2024 Uhindi ilitangaza kwamba wamepatana juu ya doria katika sehemu mbili za mwisho zilizobaki, Depsang na Demchok. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Modi na Rais Xi Jinping walikutana mjini Kazan, Urusi. Mwaka 2025 mahujaji wa Kihindi waliruhusiwa tena kwenda mlima Kailash katika Tibet, Modi alikwenda Tianjin mwezi wa Agosti, na mwezi wa Oktoba ndege za abiria zilianza tena kuruka moja kwa moja kati ya nchi hizo baada ya miaka mitano. Ni mambo ya kufurahia. Walakini mahujaji na abiria hawapimi mpaka, na askari maelfu kwa maelfu bado wanalala katika baridi ile, kila upande.

Wanaoumia kwanza ni watu ambao hakuna aliyewauliza. Huko Ladakh wako wachungaji waitwao Changpa, wenye mbuzi ambao manyoya yao laini hufumwa shali za bei kubwa. Tangu mwaka 2020 baadhi ya malisho yao ya wakati wa baridi yamekuwa mahali pasipoingilika, kwa kuwa majemadari walipatana kuyaacha wazi ili askari wasigusane. Mapatano hayo yalizuia damu. Lakini mbuzi hawasomi ramani, na mchungaji aliyekosa malisho huuza mifugo yake, akashuka mjini kutafuta kibarua.

Kwa hiyo, wasomaji, mkisikia katika redio kwamba wakuu wa Delhi na Beijing wamepeana mikono, furahini, kisha ulizeni swali lile la wazee: Je, wameketi pamoja na kuonyeshana ramani zote, za magharibi na za mashariki? Mwaka 1954 walipeana mikono, wala hawakuzionyesha. Baada ya miaka minane wakazika maiti. Mapatano ya kunyamazisha bunduki ni mema, na mapatano ya biashara ni mema, lakini hayo yote yamesimama juu ya mstari ambao mpaka leo kila mmoja anauona peke yake. Siku watakapoupima pamoja, mmoja akiachia kidogo hapa na mwingine akiachia kidogo pale, mchungaji wa Changpa atajua mbuzi wake waishie wapi, na mama wa askari, wa upande huu na wa upande ule, hatangoja barua kutoka bonde asilolijua.